Ushauri: Kioo cha kuzuia moto EI 60 kwenye jengo la ofisi, nje baridi inafika nyuzi -30

MchoraRamani

Wakuu, naombeni mawazo yenu.

Nasanifu jengo la ofisi la ghorofa nne. Chini kuna maduka, nyuma kuna maegesho yaliyoezekwa lakini hayapashwi joto. Ni eneo la baridi kali: hesabu zetu zinachukua -30 nje na 21 ndani. Mtaalamu wa moto ametaka kioo cha kustahimili dakika 60 sehemu tatu. Kwanza ukuta wa nje unaotazama mpaka wa kiwanja, maana jirani yuko karibu. Pili ukuta kati ya ngazi ya kutorokea na korido. Tatu mlango wa kutoka ukumbini kwenda kwenye maegesho, pamoja na dirisha lake la pembeni.

Muuzaji kaniletea kioo kimoja cha kumaliza kazi yote: EI 60 (daraja la kuzuia moto na joto kwa dakika 60), unene milimita 25, cheti kipo. Nilipouliza kuhusu baridi akanijibu kwamba kioo kinachohimili tanuru hakiwezi kuogopa theluji. Jibu hilo halijaniingia akilini. Halafu thamani yake ya U (kipimo cha joto linalovuja kupitia kioo) ni karibu 5, sasa hesabu zangu za kupasha joto zitasimamaje? Mwenye jengo hataki kusikia habari ya ukuta wa tofali, anataka mwanga.

FundiVioo

Mkuu, mwambie muuzaji wako asome karatasi ya bidhaa yake hadi mwisho, ule ukurasa wa matumizi ambao hakuna anayeufungua.

Kioo cha EI hakizuii moto kwa sababu ni kinene. Ndani yake kuna vioo kadhaa vyembamba, na katikati ya kila viwili kuna tabaka la sodiamu silikati au jeli, lenye maji ndani yake. Moto ukipiga upande mmoja, tabaka la kwanza likifika nyuzi 120 hivi linaumuka, linageuka povu jeupe, na maji yake yanameza joto huku yakigeuka mvuke. Likiisha la kwanza linaingia la pili. Ndiyo maana kioo kinachofanya kazi yake kwenye moto huoni kitu kupitia kwake.

Sasa kitu chenye maji kina mipaka. Karatasi nyingi za bidhaa utakuta zimeandika kitu kama -10 hadi +45. Zipo aina zinazoruhusiwa kwenda chini zaidi, lakini lazima iwe imeandikwa, usikubali ya mdomo. Ukivuka mipaka, tabaka linaweza kufanya ukungu, mapovu au kuachia kwenye kioo, na dhamana imekufa hapo hapo.

Piga hesabu ya ukuta wako wa nje ukiweka hicho kioo peke yake. Ndani 21, nje -30, U ya 5: uso wa ndani unakwenda karibu -12 na wa nje karibu -20. Yaani matabaka yote yako chini ya -10 kila usiku wa baridi kali, moto wala haujaja. Na uso wa -12 ndani ya ofisi maana yake ni barafu kwenye kioo, upande wa karani.

Mhandisi_Moto

Nakubaliana na Fundi. Naongeza la kwangu: kabla hujachagua kioo, mrudie mtaalamu wako umuulize kama sehemu zote tatu kweli zinahitaji EI, au ameandika EI 60 kila mahali ili amalize ripoti.

Kwa mfumo wa Ulaya wa EN 13501-2 herufi zina maana tofauti kabisa. E ni kuzuia miali na gesi moto zisipite. EW ni hiyo hiyo, pamoja na kupunguza joto la mnururisho lisizidi kilowati 15 kwa mita ya mraba, likipimwa mita moja kutoka kwenye kioo. EI ni kwamba uso wa upande usio na moto haupandi zaidi ya nyuzi 140 kwa wastani, wala 180 mahali popote.

Kwenye ngazi ya kutorokea usibishane, weka EI. Ngozi ya mtu inaanza kushindwa kuvumilia mnururisho wa kama kilowati 2.5 tu kwa mita ya mraba, kwa hiyo kupita kando ya kioo cha EW kinachowaka upande wa pili ni adhabu. Uzuri ni kwamba ngazi yako iko ndani, pande zote mbili kuna joto, kile kioo cha milimita 25 kitakaa pale bila tatizo.

Ukuta wa mpakani ni habari nyingine. Kanuni za sehemu nyingi zinaangalia umbali hadi mpaka na ukubwa wa uwazi, na pengine E au EW inatosha. Ikitosha, una njia rahisi: kioo cha seramiki. Hakina tabaka la maji, na karibu hakitanuki wala kusinyaa, ndiyo maana kinapigwa na moto halafu maji ya zimamoto bila kupasuka. Baridi ya -30 haikisumbui. Angalia tu kwamba chenyewe si kioo cha usalama. Mahali ambapo mtu anaweza kukigonga kinatakiwa kiwe cha vioo viwili vilivyobandikwa pamoja au kiwe na filamu iliyoidhinishwa.

Na kama mradi unafuata kanuni za Marekani, karatasi za EN hazitakusaidia. Kule milango inapimwa kwa NFPA 252, madirisha NFPA 257, na kioo kinachohesabiwa kama ukuta kinapimwa kwa ASTM E119 au UL 263.

Mpita_Njia

Si ujenge ukuta tu jamani. Mwanga wa kuangalia maegesho ni wa nini?

MchoraRamani

@Mpita_Njia kamwambie mwenye jengo wewe, mimi nimechoka 😅

@Mhandisi_Moto nimeongea na mtaalamu. Ngazi EI 60, mlango EI 60. Ukuta wa mpakani amekataa kushusha, jirani ana ghala la mbao. Kwa hiyo nje nabaki na EI. Nifanyeje?

DadaNishati

Kaka, ukibaki na EI nje basi kioo cha moto kisiguse hewa ya nje. Kiweke ndani ya kioo cha pamoja, kile cha vioo viwili au vitatu vyenye gesi katikati, na kioo cha moto kikae upande wa chumbani. Kwa nje unaweka kioo kigumu cha kuvunjika punje punje, chenye utando wa kuzuia joto, na argoni katikati.

Ukiwa na nafasi moja ya gesi unafika U ya 1.1 hivi, na uso wa ndani unakuwa kama nyuzi 14. Ukiweka nafasi mbili unakaribia 0.7 na uso unafika 16. Hewa ya ofisi ya nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 40 inaanza kutoa umande kwenye nyuzi 7, kwa hiyo katikati ya kioo uko salama kwa vyote viwili. Pembezoni ndiko umande huanzia, basi sisitiza kitenganishi kisichopitisha joto, siyo kile cha alumini tupu.

Sasa uzito. Kioo cha milimita 25 cha EI 60 kina kilo 60 hivi kwa mita ya mraba. Ongeza vioo viwili vya milimita 6, kila kimoja kilo 15, umefika 90. Kipande cha mita 1.5 kwa 2.5 ni karibu kilo 340! Na unene wote unakuwa milimita 69, fremu nyingi hazina mdomo wa kumeza hiyo. Mimi ningechukua nafasi moja ya gesi, ununue fremu nzuri, halafu upunguze upana wa vipande.

Jambo la tatu ni mwanga wa jua. Matabaka ya EI mengi hayapendi miale ya urujuanimno, na theluji huirudisha kwa wingi. Kioo cha nje kiwe na filamu ya PVB (plastiki ya kubandika vioo pamoja) ndani yake, au mtengenezaji athibitishe kwamba kinga ipo.

FundiVioo

Dada kamaliza, ila kuna mtego mmoja. Ukishaongeza vioo na gesi, hicho si kioo kilichopimwa tena. Ripoti ya kioo cha milimita 25 peke yake haihusu kioo cha pamoja. Omba ripoti inayotaja mpangilio huo huo, kwenye fremu hiyo hiyo, na isome moto ulitoka upande gani. Mpangilio usiolingana pande zote unaweza kufaulu moto ukiwa ndani na kuanguka ukiwa nje. Na wewe jirani yako ana mbao.

Fremu nayo usiichukulie poa. Alumini inayeyuka nyuzi 660, na tanuru la majaribio kwenye dakika ya 60 liko 945. Fremu za alumini za EI zipo na zinafanya kazi kwa sababu zimejazwa vipande vya kupoza ndani ya mifereji yake. Fundi akikata kipande kifupi akasahau kujaza, kwa macho huwezi kujua. Chuma ni rahisi kukagua.

MsimamiziWaSite

Nimeona vioo vizuri vikiharibika kabla ya jengo kufunguliwa. Mmepanga baridi ya jengo likiwa linatumika, lakini kuna msimu wa ujenzi ambapo vioo vimefika na kupasha joto hakujawashwa. Kreti inaachwa nje chini ya turubai, usiku unashuka -20. Mipaka ya joto inahusu usafirishaji na kuhifadhi pia. Iandike kwenye mkataba: vioo visifike mpaka jengo lifungwe na lipashwe joto.

Vioo hivyo havikatwi wala kutobolewa site. Ule utepe wa pembeni unaolinda tabaka lisiingiwe na unyevu ukichanika, kirudishwe. Silikoni isipakwe kwenye fremu yenye barafu. Nyingi zinataka angalau nyuzi +5. Na ile alama iliyochongwa kwenye kona ya kioo ionekane baada ya kufunga, mkaguzi ataitafuta.

Kuhusu mlango wa maegesho: una nafasi ya kuweka kijichumba cha milango miwili? Weka mlango wa kawaida upande wa maegesho upokee baridi, na mlango wa EI 60 uwe wa ndani, upande wa joto. Mtaalamu wa moto akikubali kuhamisha mstari wa kuzuia moto kwa mita mbili tu, nusu ya matatizo yako yameisha.

DadaNishati

Hapo umepiga mulemule. Ila wasifunge kile kipuliza hewa moto kikaelekea kwenye kioo. Mipaka ina upande wa juu pia.

MchoraRamani

Asanteni sana wadau. Kijichumba kimekubaliwa. Mtengenezaji amejibu kwa maandishi: kioo cha pamoja chenye nafasi moja ya gesi kina ripoti ya moto kutoka pande zote mbili, ila kwenye fremu ya chuma tu. Mwenye jengo amekubali vipande vyembamba. Ngazi inabaki na kioo cha mwanzo.

Swali la mwisho: mlango wa ndani wenye kioo unakuwa mzito, na muuzaji anasema nichague kifunga mlango chochote ninachopenda. Sawa?

FundiVioo

Hapana. Kifunga mlango kiwe kile kilichotajwa kwenye ripoti ya mlango, au kilichoidhinishwa kwa uzito ule. Na uliza mafuta yake yanafanya kazi hadi nyuzi ngapi. Yakiwa mazito kwa baridi mlango unajifunga nusu, na kufuli halishiki. Kijichumba hakina kipasha joto, au sivyo?

MchoraRamani

Hakina. Nampigia sasa hivi.