Yule meneja wa "Ijumaa si siku yako ya kulala?" mje mumchukue!

Wakuu, mnamjua. Msijifanye hammjui. Kila mwajiri mkubwa hapa Uingereza anaye mmoja: kamba ya kitambulisho shingoni hata chooni, slaidi 60 kwa kikao cha dakika 20, na "data" kila akivuta pumzi. Huyo huyo akibofya faili la CSV, yaani data ya maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, likafunguka kwenye Excel, anashangaa namba za wafanyakazi zimepoteza sifuri za mbele, 00417 imekuwa 417, halafu anasema "mfumo umeharibika".

Sasa leo kwenye tathmini ya pande tatu, mwanagenzi yupo, mkufunzi wa chuo yupo kwenye skrini, kamera imewashwa, mtu mzima mwenye ndevu anafungua kinywa: "Kwani Ijumaa si siku yako ya kulala?"

KULALA!

Ijumaa ni siku ya masomo. Uanagenzi wa shahada ndivyo ulivyo: umeajiriwa, unalipwa, na sehemu ya muda huo huo unaolipwa unasomea shahada yako ya uchambuzi wa data. Zamani ilikuwa asilimia 20 ya muda wa kazi, tangu Agosti 2022 ikawa angalau saa 6 kwa wiki. Ndani ya saa za kazi! Si usiku, si Jumapili baada ya ibada. Na ada hatoi yeye mfukoni. Mwajiri ambaye mishahara yake kwa mwaka inazidi pauni milioni 3 anatozwa asilimia 0.5 tangu Aprili 2017, na hela hiyo kazi yake ni kulipia mafunzo na upimaji, basi. Wewe unalinda pesa ambayo hata ungetaka kuinunulia viti usingeruhusiwa.

Na usingizi wenyewe ni upi? Ijumaa hiyo hiyo anatuma PDF ya ripoti za matawi, kurasa zake ukizipanga zinafika Dover, zinakiliwe kwenye Excel kwa mkono. Kwa MKONO! Power Query, zana iliyomo humo humo kwenye Excel, inavuta majedwali ya PDF yenyewe: unachagua faili, unatia alama majedwali unayoyataka, unafuta vichwa vinavyojirudia kila ukurasa, unapanga aina za safu, kwisha. Mwezi ujao unabonyeza kuonyesha upya tu. Lakini hapana, kwa mkono, kwa sababu "tumezoea hivyo".

Na kazi hiyo haiingii hata kwenye jalada la ushahidi la mwanagenzi. Jalada linataka maarifa, ujuzi na mwenendo, kila kimoja na ushahidi wake: swali la biashara lilikuwa nini, data ilitoka wapi, ulisafisha vipi, kwa nini ulichagua njia hiyo. Kunakili namba kunathibitisha kwamba una vidole.

Siku ya kulala. Mbele ya mkufunzi! Mkufunzi akabaki anaangalia kibodi.

Mbu_wa_Thames: Nimekaa siti ya mbele na kashata.

PilipiliKichaa: Mkuu, uzi mreeefu, hoja moja. Swali la kitaalamu: Ijumaa ulilala au hukulala? 😂

Mleta uzi: Hoja ni kwamba ALISEMA KULALA. Kamera imewashwa!

Dada_wa_Majedwali: Punguza presha mdogo wangu, tengeneza karatasi. Rekodi ya saa ijazwe siku ile ile: tarehe, saa ngapi, umejifunza nini, kimetumika wapi kazini. Wanaoandika "kusoma, saa 6" kila wiki hurudishiwa. Kozi za ziada za Kiingereza na hisabati hazihesabiki humo. Akichukua Ijumaa, mwandikie barua pepe hapo hapo: "naomba siku mbadala, napendekeza Jumanne." Hajajibu? Nakala kwa mkufunzi. Tathmini hizo zinatakiwa angalau kila wiki 12, na anachosema humo kiandikwe kwenye fomu kama kilivyo, pamoja na huo usingizi. Pia usiwapotoshe watu: walioanza kuanzia Agosti 2025 hawahesabu saa 6 kwa wiki, kila kozi ina jumla yake ya saa iliyotangazwa.

Mleta uzi: Asante dada, lakini huyo huyo ndiye anayetia sahihi kwamba uko tayari kwa upimaji wa mwisho. Unamwandikia barua pepe kwa mikono ipi? Mtu anayesema KULALA.

Babu_Leicester: Shahada bila deni, mshahara kila mwezi, bado mnalia. Wenzenu wanalipa hadi pauni 9,535 kwa mwaka wa masomo 2025/26, na riba juu. Mngeambiwa mnalala mngesema asante mzee.

Kodi_Imenimaliza: Shikamoo babu. Hiyo "bila deni" ina mwiba. Mwanafunzi wa kawaida wa muda wote hahesabiwi kwenye kodi ya halmashauri. Mwanagenzi anasamehewa tu ikiwa mshahara hauzidi pauni 195 kwa wiki. Piga hesabu: kima cha chini cha mwanagenzi kutoka Aprili 2025 kilikuwa pauni 7.55 kwa saa, mara saa 37.5 ni pauni 283. Yaani hata mwenye mshahara wa chini kabisa kapitwa. Na mkopo wa wanafunzi hupewi. HIYO ndiyo ya kufungulia uzi, siyo mtu kuitwa mlalaji.

PilipiliKichaa: Mlalaji wetu 😂😂 nabadilisha jina.

Wanjiru_wa_Reading: Wueh! Huyo wenu ni malaika. Kuna yule wa idara ya fedha anayeunganisha seli kwenye faili la bajeti ndiyo "ipendeze". Ukichuja, nusu ya mistari inapotea kwa sababu jina la tawi liko kwenye seli ya kwanza pekee. Inabidi utenganishe, ujaze nafasi tupu kuelekea chini, ndiyo uanze. Kesho yake ameunganisha tena. Bana!

Nukta_Mkato: Seli ni afadhali. Mauzo yamejirudia mara mbili kwenye dashibodi, mwanagenzi kalaumiwa. Kisa? LEFT JOIN, amri ya SQL (lugha ya hifadhidata) ya kuunganisha majedwali, kwenye jedwali la wateja ambalo lina mteja mmoja mara mbili, anwani ya zamani na mpya. Kila muamala wake umezaa pacha. Hesabu mistari kabla na baada ya kuunganisha, zikitofautiana simama hapo hapo. Ila jedwali lenyewe analimiliki bosi, nani atamwambia?

Babu_Leicester: Excel ndiyo shetani. Mwaka 2020 Public Health England, shirika la afya ya umma, ilichelewa kuripoti wagonjwa 15,841 wa korona kwa sababu ya faili la XLS la kizamani, mistari inaishia 65,536, iliyozidi ikaachwa nje.

Dada_wa_Majedwali: Kumbe babu unajua mambo. XLSX inafika 1,048,576, na bado kuna watu wanahifadhi XLS.

Field_Haina_Nauli: Ninyi mnalipwa mnalalamika. Huku Dar mwanafunzi wa field, mafunzo kwa vitendo, anajilipia nauli, anatumwa vitumbua, mwisho anasainiwa kitabu na mtu asiyemjua. Kompyuta anaiona kwa mbali.

Mbu_wa_Thames: Vitumbua vya bei gani?

Mleta uzi: Jamani mada! KULALA! Mbele ya mkufunzi!

PilipiliKichaa: Kalale mkuu, leo siku gani vile?

Wanjiru_wa_Reading: Watu wa SQL niokoeni. Natafuta wateja ambao hawajanunua, nimetumia NOT IN, yaani "wasiomo kwenye orodha", inaleta sifuri na najua wapo.

Nukta_Mkato: Kwenye orodha yako ya ndani kuna NULL, yaani nafasi isiyo na thamani. Moja tu inatosha kufuta majibu yote. Tumia NOT EXISTS, au zichuje hizo NULL kwanza.

Wanjiru_wa_Reading: Imekubali! Wamejitokeza 212. Ubarikiwe.

Kodi_Imenimaliza: Mods, huu uunganisheni na ule uzi wa Excel.

Field_Haina_Nauli: Vitumbua mia mbili kimoja, na chenji anabaki nayo bosi.