Baba alifariki 2003 kijijini Muheza, kifo hakikusajiliwa. Cheti tunaanzia wapi?

Mbondei_wa_Mbagala

Wakuu, habari za jioni. Niende moja kwa moja kwenye mada.

Mzee wetu alifariki mwaka 2003 kijijini, wilaya ya Muheza. Alikuwa ametoka Dar kwenda kupumzika kwa mdogo wake, presha ikapanda usiku, hakuamka. Hakufikishwa hospitali, kwa hiyo karatasi ya daktari hakuna. Tulizika, tukaanua matanga, kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Habari ya cheti hakuna aliyeiwaza, maana mama alikuwa anaishi kwenye nyumba na hakuna aliyemgusa.

Mama naye hatunaye tangu mwaka jana (cheti chake tunacho, alifia hospitali). Nyumba iko Tanga mjini, hati ina jina la mzee, na jirani ameanza kusogeza ukuta. Tumekwenda mahakama ya mwanzo kufungua mirathi, karani anasema bila cheti cha kifo cha mzee faili halifunguliwi. Isitoshe, hati imeandikwa John, kijijini na kanisani wanamjua kama Yohana.

Shemeji anasema tutafute tangazo la tanzia lililosomwa redioni, eti linatosha. Kaka kapata mtu anayedai atamaliza kila kitu kwa laki tatu bila sisi kukanyaga Muheza. Tufanyeje? Naomba kuwasilisha.

Karani_Mstaafu

Poleni kwa misiba yote miwili.

Huyo wa laki tatu mwacheni haraka. Cheti cha kishoka kinang'aa na mhuri kinao, hadi siku upande wa pili utakapoomba kihakikiwe RITA na namba ya ingizo ikakutwa ya marehemu mwingine. Na nyie tayari mna jirani mwenye ugomvi, kwa hiyo siku hiyo ipo.

Kifo husajiliwa kwenye wilaya kilikotokea. Mzee kuishi Dar na kuwa na nyumba Tanga hakubadilishi kitu, yenu ni Muheza. Watu wengi wanapotea kwa kwenda halmashauri. Msajili wa vizazi na vifo wa wilaya mtamkuta kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya, upande wa Katibu Tawala. Maombi yenyewe siku hizi yanajazwa mtandaoni kwenye mfumo wa eRITA: unapakia viambatisho, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu.

Sheria (Sura ya 108) inataka kifo kiripotiwe ndani ya siku 30. Chenu kimepita miaka 20, kwa hiyo ni usajili wa kuchelewa. Unakubalika, ila watadai ushahidi wa kushiba, na faili lenye umri huo huenda likapandishwa hadi kwa Msajili Mkuu. Msishangae likikaa.

Pwani_Mombasa

Pole ndugu. Huku kwetu mtu akifia nyumbani anayeripoti ni chifu msaidizi. Si mwende kwa chifu wa hapo kijijini awaandikie?

Mzee_wa_Korogwe

@Pwani_Mombasa hahaha, machifu sisi serikali iliwafuta mwaka 1963. Huku kwetu ni mtendaji wa kijiji.

Mtoa mada, cheti chako kitaanzia kwa huyo mtendaji. Wa 2003 kwa vyovyote alishahamishwa, na aliyepo sasa hamjui mzee wako. Ukimwendea peke yako na bahasha mkononi atakuandikia mistari miwili isiyo na kichwa wala miguu, na wilayani utarudishwa. Nenda na mwenyekiti wa kitongoji, baba yako mdogo aliyekuwa na mgonjwa usiku ule, na mmoja wa walioosha maiti au kuchimba kaburi, kama bado yupo hai. Barua itaje jina kamili, tarehe ya kufariki, nyumba aliyofia, alizikwa wapi, na walioshuhudia. Ipite kwa mtendaji wa kata nayo igongwe mhuri. Isome pale pale kabla ya kuondoka. Herufi moja ikikosewa ni nauli nyingine hiyo.

dada_wa_sheria

Naongezea kwenye majina, maana ndipo mirathi nyingi zinapokwama.

Usimwache mtendaji aandike "Yohana" peke yake kwa sababu ndivyo anavyojulikana pale. Kaeni kwanza kama familia mkubaliane jina la kuingia kwenye cheti, na ushauri wangu ni lile la kwenye hati, kwa sababu hati ndiyo mnayoipigania. Kisha mmoja wenu, wa umri wa kumfahamu mzee vizuri, aape mbele ya wakili au hakimu kwamba John na Yohana ni mtu mmoja. Kiapo hicho kiambatanishwe kwenye maombi ya cheti na nakala yake iende mahakamani. Mkisubiri hadi msimamizi ateuliwe ndipo mshtuke kwamba majina hayafanani, mtaanza upya.

Tangazo la redio sahau. Enzi za RTD (Radio Tanzania) yalisomwa kwa mamia, na kumbuka lile tangazo aliliandika mmoja wenu kwa mkono na kulilipia. Halithibitishi kitu zaidi ya kwamba mlituma tangazo. Kama tanzia ilitoka gazetini walau kuna cha kushika, na magazeti ya zamani yanasomeka Maktaba Kuu pale Dar. Lakini nalo ni la kusindikizia tu.

Mbondei_wa_Mbagala

Nashukuruni sana wakuu. Gazetini hatukutoa.

Nimempigia baba mdogo. Anasema daftari la rambirambi bado lipo kabatini kwake, lile la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma, limeandikwa msiba wa nani na tarehe, halafu majina na nani katoa shilingi ngapi, nani kaleta debe la mahindi. Lina maana yoyote?

Halafu kuna utata mwingine. Msalaba wa kaburini una tarehe 14, kitabu cha kanisa la Anglikana kina tarehe 16. Tushike ipi?

Karani_Mstaafu

Daftari lina maana kubwa! Limeandikwa siku ile ile na watu wasio na habari ya nyumba wala mirathi. Lipige picha kurasa zote, na lenyewe asilitoe mkononi.

Tarehe msihangaike. Kitabu cha kanisa kinaandika siku ya maziko, na bila shaka mlisubiriwa nyie wa Dar. Mwombeni padri awaandikie barua yenye mhuri inayonukuu kitabu, ikitamka wazi kwamba 16 ni tarehe ya kuzikwa. Kwenye fomu ya cheti mnaandika 14. Mkiweka 16 kwa kuogopa kanisa, halafu mashahidi waseme 14, mmejitengenezea swali wenyewe.

Mzee_wa_Korogwe

Na hapo kwenye sababu ya kifo msijifanye madaktari. Kama hakupimwa, mtendaji aandike alivyoelezwa, kwamba aliugua ghafla usiku akafia nyumbani.

Bi_Mkubwa_Unguja

Kwa wengine mnaosoma huu uzi: haya ni ya Bara. Ndugu yenu akifia Unguja au Pemba, RITA siyo mahali pake. Zanzibar ina wakala wake wa usajili wa matukio ya kijamii.

Mbondei_wa_Mbagala

Swali la mwisho. Tukisubiri cheti, huyu jirani wa ukuta tunamfanyaje? Na kikao cha ukoo tukae sasa au tusubiri?

dada_wa_sheria

Kikao kaeni sasa, hasa kwa kuwa mnakwenda Muheza na wazee wako huko. Andikeni muhtasari, waliohudhuria wote wasaini, mpendekeze msimamizi mmoja au wawili. Mchagueni anayepatikana. Mahakama ya mwanzo itampa miezi minne kukusanya mali na kuleta orodha na hesabu (fomu namba 5 na 6), hivyo mtu wa safari za kila mara hatawafaa hata kama ndiye mkubwa wenu.

Mwelezeni pia kwamba usimamizi haumpi nyumba. Nimeona kaka wakubwa wengi wakilisahau hilo wiki ya pili.

Jirani mpelekeni serikali ya mtaa kesho, lalamiko liandikwe na mpewe nakala. Ukuta upigeni picha pamoja na mawe ya mpaka yakiwa yanaonekana. Msibomoe kitu.