Node.js, Deno au Bun: ipi itufae kupokea faili kubwa?

MhandisiNtinda (Kampala)

Wanajukwaa, salaam. Mimi na wenzangu tunatunza mfumo wa kupokea video za mafunzo ya kilimo zinazotumwa na maafisa ugani walioko Arua, Gulu, Kabale na Moroto. Faili nyingi zina ukubwa wa kati ya megabaiti 200 na gigabaiti 2, na seva yetu ni mashine pepe iliyoko hapa Kampala yenye ramu ya gigabaiti 2 tu. Kwa sasa tunatumia Node.js 20, ambayo inapokea maombi ya HTTPS yenyewe, bila nginx (seva inayopokea maombi na kuyapitisha kwa programu) mbele yake.

Video ndogo zinafika salama. Zile kubwa, hasa zinazotoka Arua jioni mtandao unapoelemewa, hukatika njiani, na afisa hulazimika kuanza upya kwa bando alilolinunua mwenyewe. Kila ninapofungua vipimo vya kulinganisha rantaimu hizi (programu zinazoendesha msimbo wa JavaScript kwenye seva), Bun ndiyo inayotajwa kuwa mbele kwa idadi ya maombi kwa sekunde, kwa hiyo baadhi ya wenzangu wanataka tuhamie huko, na mmoja anapendelea Deno. Kabla hatujaandika upya msimbo wote, naomba ulinganisho kutoka kwa watu waliozitumia kwa kazi hii hasa, yaani kupokea faili kubwa, si kujibu maombi madogo ya maandishi.

Mkondo_wa_Nile (Jinja)

Ndugu Mhandisi, vipimo ulivyovisoma vinapima jambo jingine kabisa. Seva inapojibu maelfu ya maombi madogo kwa sekunde, kinachochoka ni kichakataji, na hapo kweli tofauti za rantaimu huonekana. Faili moja ya megabaiti 700 inapotoka kwenye simu kwa kasi ya megabiti 4 kwa sekunde, inaingia nusu megabaiti tu kila sekunde, na itachukua sekunde 1,400, ambazo ni zaidi ya dakika 23. Kwa muda wote huo kichakataji cha seva kinakaa kikisubiri. Ukibadilisha Node.js kwa Bun, afisa wako wa Arua hatapunguziwa hata dakika moja, kwa sababu kinachomchelewesha ni mnara wa simu.

Mnachopaswa kulinganisha ni mambo mawili: ramu inatumikaje mzigo unapoingia taratibu kutoka kwa watu wengi kwa wakati mmoja, na kila rantaimu imejiwekea vikomo gani ambavyo wewe hukuviandika. Hebu tuambie kwanza, upakiaji hukatika baada ya muda gani? Na seva hurudisha msimbo gani wa hali?

MhandisiNtinda (Kampala)

Nimepitia kumbukumbu za seva. Nyingi hukatika baada ya dakika tano na kitu, na msimbo ni 408, yaani muda wa ombi umekwisha.

Msimamizi_Mbarara

Basi jibu liko hapo. Kuanzia Node.js 18, seva ya HTTP ina kikomo kiitwacho `requestTimeout`, ambacho thamani yake ya kawaida ni milisekunde 300,000, yaani dakika tano. Kikomo hiki hakihesabu muda wa ukimya. Kinahesabu muda wa kupokea ombi zima, mwili wake (yaani faili yenyewe) ukiwemo, hata kama data inaendelea kuingia bila kusita. Seva hukagua miunganisho kila baada ya sekunde 30, ndiyo maana unaona "dakika tano na kitu". Kwa kasi ile ya nusu megabaiti kwa sekunde, ombi lolote linalozidi megabaiti 150 limehukumiwa kabla halijaanza.

Kipandishe, lakini usikiweke sifuri. Kikomo hiki kiliwekwa ili mtu mwenye nia mbaya asifungue miunganisho mamia na kudondosha baiti moja moja hadi seva ikakosa nafasi ya kuwahudumia wengine. Gigabaiti 2 kwa megabiti 2 kwa sekunde huhitaji saa mbili na zaidi ya dakika kumi, kwa hiyo saa tatu zinatosha kwa njia ya upakiaji.

Kasi_Nakawa

Naomba niisemee Bun, kwa kuwa ninaitumia kila siku na naipenda kwa dhati. Imejengwa juu ya injini ya JavaScriptCore, ile ya Safari, wakati Node.js na Deno zote zinatumia V8, ile ya Chrome. Inawaka upesi, na kuandika faili kwa `Bun.file(njia).writer()` ni kazi nyepesi, kwani unapitia `req.body` kipande kwa kipande na kukiandika kila kinapofika.

Hata hivyo, mkihama leo bila kugusa mipangilio, mtatoka kwenye tatizo moja na kuingia katika mawili. `Bun.serve` ina `maxRequestBodySize` ya megabaiti 128 isipobadilishwa, na ombi linalozidi hapo hurudishiwa 413, yaani mwili ni mkubwa mno. Zaidi ya hapo kuna `idleTimeout` ya sekunde 10: mtandao wa simu ukinyamaza kwa sekunde kumi na moja, jambo la kawaida afisa akiwa ndani ya gari linaloshuka bondeni, muunganisho unafungwa. Thamani ya juu inayokubaliwa ni sekunde 255. Vyote viwili hubadilishwa kwa mstari mmoja mmoja. Ila mtu asiyevijua atadhani Bun ni mbovu, kama vile ninyi mlivyokuwa karibu kuihukumu Node.js.

Mlima_Elgon (Mbale)

Deno isisahauliwe. Iliandikwa na Ryan Dahl, yule yule aliyeanzisha Node.js mwaka 2009, naye aliitangaza mwaka 2018 alipoeleza hadharani mambo aliyojutia katika Node.js. Kwa kazi yenu ina sifa mbili ninazozithamini. Kwanza, mikondo ya kiwango cha wavuti (njia ya kupitisha data kipande kwa kipande) ndiyo lugha yake ya asili: unafungua faili kwa `Deno.open`, kisha unaandika `await req.body.pipeTo(faili.writable)`, na kasi ya kusoma inafuata kasi ya diski bila wewe kusimamia chochote.

Pili, na hili ndilo kubwa zaidi kwangu, ni ruhusa. Seva inayopokea faili kutoka nje ni mlango ulio wazi, na jina la faili lililotungwa kwa hila linaweza kujaribu kuandika mahali pasipostahili. Ukiiendesha Deno kwa `--allow-write=/data/video`, hata msimbo wako ukiwa na kasoro, haitaandika popote nje ya saraka hiyo. Node.js nayo ilianza kuwa na mfumo wa ruhusa katika toleo la 20, kwa majaribio, lakini kwenye Node.js lazima ukumbuke kuuwasha, ilhali Deno huanza ikiwa imefunga kila kitu.

Mkondo_wa_Nile (Jinja)

Nakubaliana na ndugu zangu wote wawili, na sasa nirudi kwenye ramu, kwa sababu hapo ndipo mashine ya gigabaiti 2 itakapoangukia. Mhandisi, angalia kama kuna mahali msimbo wenu unaita `await req.formData()`, au, mkitumia Express na Multer (maktaba za Node.js za kujenga seva na kupokea faili), kama mmechagua `memoryStorage`. Njia hizi hukusanya mwili wote kwenye ramu kabla ya kukupa chochote. Maafisa watatu wakituma megabaiti 700 kila mmoja kwa wakati mmoja, mfumo endeshi utaiua programu yako, iwe ni Node.js, Deno au Bun. Rantaimu haina lawama hapo.

Kwa Node.js, tumia `pipeline` kutoka `node:stream/promises`, si `pipe` tupu. Muunganisho ukikatika, `pipeline` hufunga mikondo yote na kukurushia kosa, ilhali `pipe` huacha faili ikiwa wazi na nusu yake diskini, na baada ya wiki chache saraka imejaa vipande visivyo na mwenyewe. Kwa mpangilio huu kinachokaa kwenye ramu kwa kila upakiaji ni bafa ndogo tu, yaani nafasi ya muda ya data inayopita. Mikondo ya Node.js ilikuwa na kiwango cha kawaida cha kibibaiti 16, kikapandishwa hadi 64 katika toleo la 22. Kuhamia toleo hilo ni nafuu kuliko kuhamia rantaimu nyingine.

Kuna sehemu moja ambapo kichakataji kinafanya kazi ya kweli, nayo ni kuchambua fomu ya `multipart`. Kila baiti lazima ipitiwe ili kutafuta mpaka unaotenganisha sehemu za fomu. Maktaba ya Busboy hufanya hivyo kwa ustadi, kwa mbinu ya Boyer-Moore-Horspool inayoruka baiti nyingi bila kuzikagua moja moja. Lakini kwa kuwa programu ya simu ni yenu wenyewe, kwa nini mtume fomu? Tumeni faili kama mwili mtupu wa `PUT`, na jina lake liwe kwenye anwani au kwenye kichwa cha ombi. Kazi yote ya uchambuzi inaondoka, na sehemu kubwa ya tofauti kati ya rantaimu hizi inaondoka nayo.

Takwimu_Makerere

Swali fupi. Sisi tunahitaji hashi ya SHA-256 (alama fupi inayokokotolewa kutokana na yaliyomo) ya kila faili ili kuhakikisha haikuharibika njiani. Je, hapo pia kuna tofauti?

Mkondo_wa_Nile (Jinja)

Ipo katika namna ya kuandika. `crypto.subtle.digest` inataka data yote kwa pamoja, kwa hiyo itakurudisha kwenye tatizo lile lile la ramu katika rantaimu zote tatu. Tumia `createHash` ya `node:crypto`, ambayo Deno na Bun nazo zinaikubali, na uilishe kila kipande kinapopita kuelekea diskini. Hivyo faili inasomwa mara moja tu.

Waya_Gulu

Mimi ni mtu wa mitandao zaidi kuliko msimbo, na nina angalizo kwa yeyote atakayewasha HTTP/2, toleo la pili la itifaki ya HTTP. Itifaki hiyo ina dirisha la awali la baiti 65,535 kwa kila mkondo, na moduli ya `http2` ya Node.js inalitumia kama lilivyo usipobadilisha `initialWindowSize`. Mtumaji haruhusiwi kuwa na data inayozidi hapo ambayo bado haijakiriwa. Tuseme seva yako iko Ulaya, na safari ya kwenda na kurudi kutoka Gulu ni milisekunde 200: utapata takriban kilobaiti 327 kwa sekunde, sawa na megabiti 2.6, hata kama simu yako ina uwezo wa megabiti 20. Nimeona watu wakibadilisha seva, wakibadilisha rantaimu, wakibadilisha hata kampuni ya simu, na dirisha likabaki pale pale. Mhandisi ana bahati kwamba seva yake iko Kampala, kwa kuwa trafiki inayopitia kituo cha mabadilishano ya intaneti cha Uganda, UIXP, haina haja ya kushuka hadi Mombasa na kurudi.

Jambo la pili ni kwa wanaoweka nginx mbele. Kwa kawaida nginx hupokea mwili wote na kuuhifadhi diskini kabla ya kuipa programu yako baiti ya kwanza, hadi uzime `proxy_request_buffering`. Mtu anayelinganisha Node.js na Bun nyuma ya nginx ya namna hiyo anapima diski yake mwenyewe.

MhandisiNtinda (Kampala)

Nawashukuru sana. Nimepandisha `requestTimeout`, nimeondoa `memoryStorage`, na jana jioni video ya megabaiti 640 kutoka Arua imefika nzima kwa mara ya kwanza bila kurudiwa. Kwa hiyo tunabaki Node.js. Kinachonisumbua bado ni hili: umeme ukikatika au mnara ukizima video ikiwa imefika asilimia 80, afisa anaanza sifuri, na data hiyo ameilipia pamoja na ushuru wa asilimia 12 uliowekwa mwaka 2021. Sioni haki katika hilo. Mmoja wetu amependekeza tutume moja kwa moja kwenye hifadhi ya S3 ya Amazon, ili seva isiguse faili kabisa.

Msimamizi_Mbarara

S3 kwa anwani zilizosainiwa (zinazompa mtumaji ruhusa ya muda) ni njia nzuri kiufundi. Faili inagawanywa katika sehemu zisizopungua mebibaiti 5 kila moja, isipokuwa ya mwisho, na sehemu iliyokatika ndiyo pekee inayorudiwa. Lakini video zenu zina nyuso na sauti za wakulima, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka data binafsi inayohifadhiwa nje ya Uganda iende mahali penye ulinzi unaolingana na wetu, au mhusika awe ameridhia. Kama maafisa wenu hawachukui ridhaa hiyo shambani, bakini na seva yenu.

Pendekezo langu ni itifaki ya tus, inayoruhusu upakiaji uliokatika kuendelea ulipoishia. Programu ya simu huuliza kwa `HEAD`, seva hujibu kwa `Upload-Offset` ikionyesha imepokea baiti ngapi, na simu huendelea kutoka hapo kwa `PATCH`. Kifurushi cha `@tus/server` kinaendeshwa kwenye Node.js, na upande wa mtumaji kuna `tus-js-client`. Mkija kuweka nginx mbele, zimeni `proxy_request_buffering`, la sivyo mnara ukizima nginx itatupa kipande ilichokuwa ikikikusanya na seva haitajua kwamba kilikuwepo.

Kasi_Nakawa

Naongeza kimoja. Wekeni `chunkSize` (ukubwa wa kila kipande kinachotumwa) ya megabaiti 20 hivi upande wa simu. Kwa megabiti 2 kwa sekunde, kila `PATCH` itamalizika ndani ya sekunde 80, kwa hiyo mnaweza kurudisha `requestTimeout` kwenye dakika zake tano na kubaki na kinga yake. Na siku mkitaka kuijaribu Bun, kile kikomo cha megabaiti 128 hakitawagusa. Itabaki `idleTimeout` tu, nayo ipandisheni siku hiyo hiyo.