Sarafu ya Mjerumani imetoka uani kwa bibi hapa Isevya, mimi na mwenzangu hatuelewani

Fundi_wa_Isevya:

Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri wa kweli, jambo hili limeninyima usingizi siku ya tatu leo.

Mimi ni fundi pikipiki hapa Tabora mjini. Rafiki yangu niliyesoma naye shule ya msingi ana binamu anayetafuta dhahabu Nzega, na msimu huu kamwachia detekta yake, mashine inayolia ikipita juu ya chuma kilichofukiwa. Tangu mwezi wa sita, kila Jumapili tunapita kwenye nyumba za watu tunaofahamiana nao, tunapiga hodi, tunaomba ruhusa, tunapitisha mashine uani kutafuta sarafu za zamani. Mashine yenyewe ni ya wachimbaji, haibagui. Msumari inalia, kizibo cha soda inalia, betri ya redio inalia. Kuna siku tulifukua vizibo 43 ndipo tukapata senti kumi moja ya Mwingereza, ile yenye tundu katikati na pembe za ndovu. Lakini nilipoifuta mchanga nikaona mwaka 1941, nilijisikia kama nimeshikwa mkono na babu yangu ambaye sikumwona.

Jumapili iliyopita tulikwenda kwa bibi mmoja mjane, jirani wa mama. Tukamwamkia, tukamweleza. Akasema, "Chimbeni wajukuu zangu, ila mashimo mnifukie, kuku wangu wataumia." Karibu na mwembe mashine ikatoa sauti moja nene, isiyokatikakatika kama ya msumari wenye kutu. Mwenzangu akapiga sururu. Kwenye kina cha shibiri moja hivi ikatoka sarafu ya njano iliyopauka. Upande mmoja 20 HELLER, upande wa pili taji, D.O.A., 1916 na herufi T. Sururu imeiachia mkwaruzo unaong'aa ukingoni. Kila nikiuangalia naumia.

Wakati huo bibi yuko jikoni. Mwenzangu akaitia mfukoni. Bibi akatoka na sahani ya matobolwa na karanga, akauliza, "Mmepata kitu?" Mwenzangu akajibu, "Vizibo tu, bibi." Mimi nikanyamaza. Nilikula matobolwa yale kama nakula mchanga.

Mwenzangu anasema mashine kaachiwa yeye, jasho ni letu, na ruhusa bibi alitoa. Kuna dalali kamwambia ina thamani ya milioni nane, ila kwanza tumpe 150,000 za kuipima. Jana kaisugua kwa majivu na ndimu ili ing'ae. Nauliza: sarafu hii ni ya nani? Na hiyo milioni nane ipo kweli?

Senti_Tundu:

Fundi, kwanza mnyang'anye majivu huyo rafiki yako, leo hii. Nina miaka 19 nakusanya sarafu, na sarafu nyingi nzuri nimezikuta zimeuawa na ndimu, majivu na steliwaya. Ile rangi iliyopauka ndiyo ngozi yake. Ikishatoka hairudi, na mnunuzi anayejua akiona imesuguliwa anashusha bei au anaiacha. Ioshe kwa maji safi, iache ikauke yenyewe juu ya kitambaa, iweke kwenye karatasi. Basi.

Mmeshika kitu cha hapohapo nyumbani. Wakati wa vita ya kwanza Mwingereza alifunga bahari, sarafu kutoka Ujerumani zikawa haziji, na serikali ya Mjerumani ilikuwa imehamia Tabora. Wakaamua kuzipiga wenyewe kwenye karakana ya reli. Hiyo D.O.A. ni kifupi cha Deutsch-Ostafrika, Afrika Mashariki ya Mjerumani, na T ni Tabora. Zilikuwa za heller 5 na 20 za shaba, na ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, gramu 7 na kidogo. Wabelgiji waliuchukua mji tarehe 19 Septemba 1916, kazi ikaishia hapo. Ndiyo maana huwezi kukuta T ya 1917. Na hilo neno hela tunalotumia kila siku limetoka kwenye heller. Huwa nawaambia watoto wangu hivyo nikiwatuma dukani.

Thamani sasa. Ya dhahabu zilipigwa kama 16,000 tu, hiyo ndiyo inayotafutwa duniani. Za heller 20 zilipigwa zaidi ya milioni moja na nusu, ziko nyingi mpaka leo. Yenye mkwaruzo wa sururu na iliyopigwa ndimu haiwezi kufika milioni nane, hata laki nane haifiki. Dalali anayetaka umlipe kabla ya kununua anataka hiyo 150,000 yako. Akishaipata humwoni tena.

Kiloleni_B:

Upande wa sheria: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, kwa hiyo ya 1916 haingii kwa umri wake. Lakini mkikutana na kitu cha zamani zaidi, acheni kuchimba, katoeni taarifa serikalini. Na msisogeze hiyo mashine Kwihara kwenye tembe la Livingstone wala kwenye Boma. Kuchimba maeneo ya namna hiyo bila leseni ni kosa.

Mama_Kanyenye:

Mwanangu Fundi, mimi ni mwenye nyumba, nina uwanja na nina mwembe. Nikikwambia chimba, nimekuruhusu kuchimba, sijakugawia kilichomo. Huyo bibi aliuliza mkamdanganya, huku mnakula chakula chake. Hilo ndilo linalokunyima usingizi, sarafu haina kosa.

Jambo lingine vijana hamlijui. Chini ya mwembe wangu amelala mtoto wangu wa pili, alizaliwa hajapumua. Hakuna msalaba wala jiwe, ni sisi wa nyumbani tu tunaojua. Siku nyingine mkifika kwa mtu, kabla hamjawasha mashine, muulizeni: bibi, ni wapi tusiguse? Mzunguke naye awaonyeshe. Na mpatane hapohapo, mbele ya mtu wa nyumba, kikipatikana kitu kinakwenda wapi.

Fundi_wa_Isevya:

Mama, shikamoo. Nimesoma maneno yako mara nyingi. Kwa kweli hatukumuuliza kuhusu mwembe.

Nimerudi sasa hivi. Nilimsomea mwenzangu maneno ya Senti_Tundu kuhusu dalali, akakaa kimya muda mrefu, kisha akaitoa mfukoni. Tumekwenda wote wawili. Yeye ndiye aliyesema, nami nikamalizia. Bibi aliishika sarafu karibu na jicho, akaipindua, akasema baba mkwe wake alikuwa kibarua wa reli, na nyumba ile aliijenga yeye. Mwembe aliukuta. Nikamuuliza kama pana mahali pasipoguswa. Akanyoosha mkono upande wa kisima, akasema, "Pale tu." Hatukumuuliza zaidi.

Sarafu kaifunga kwenye pindo la khanga. Jumapili ijayo katuambia twende upande wa banda la kuku. Sururu nimeiacha gereji. Nitabeba mwiko wa fundi ujenzi na gunia la kuwekea udongo.