Wauza spea wa Tanga, "kinaingia tu" imenilaza njiani! Natafuta kifuniko cha tangi, Land Rover 109

Wakuu, heshima kwenu. Nimeandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Gari ni Land Rover 109 Series III ya petroli, ya mwaka 1974, injini yake ileile ya cc 2,286. Marehemu baba aliinunua kwenye shamba moja la mkonge, akabebea machungwa ya Muheza miaka na miaka, na ada zetu za shule zilitoka humo. Siiuzi, msiniulize bei.

Mwezi uliopita niliipeleka gereji moja hapa mjini wazibe tangi, lilikuwa linavuja. Kuvuja kumekoma, lakini mdomoni nimekuta wamesokomeza tambara, juu karatasi la nailoni limefungwa kwa raba ya tyubu. Kifuniko kiko wapi? "Mzee, kilishakuwa kibovu, dogo alikitupa." Kifuniko cha chuma kilichokaa kwenye gari tangu baba yangu kijana, kinatupwa bila kuniuliza! Na hela ya ufundi wakadai yote. Nikarudi Sahare taratibu, petroli inanuka mpaka ndani, moyo uko juu, maana cheche moja tu ingetosha.

Nikaingia Ngamiani, barabara moja baada ya nyingine. Cha Noah kipo, cha Hiace kipo. Muuzaji mmoja akanitolea kifuniko kipya kinang'aa, akaapa kwa Mungu ndicho chenyewe. "Kinaingia tu, mzee wangu." Shilingi 45,000. Kweli kiliingia, tena kikakaza.

Jumamosi natoka kuelekea Segera. Nimeiacha Muheza kidogo tu, gari likakohoa likazima. Nikakaa, nikapiga stata, likawaka. Kilomita chache, likazima tena. Fundi wa pale barabarani akasema pampu, akabadilisha diaframu, 30,000 nyingine. Likazima! Mara ya nne nikafungua kifuniko niangalie kama mafuta yapo: fyuuuu! Tangi likavuta hewa kama mtu aliyeibuka majini. Nikawasha, likaenda bila shida, kifuniko kikiwa kimelegezwa.

Jamani, hili muuza spea hapaswi kufundishwa na mteja. Petroli ikitoka kwenye tangi, lazima hewa iingie kushika nafasi yake. Isipoingia, pampu inavuta mpaka inashindwa, kabureta inakauka, injini inakufa. Kifuniko changu cha zamani kilikuwa na njia yake ya hewa. Walichoniuzia kimezibwa kabisa, ni cha gari ambalo tangi lake linapumua kwa bomba jingine. Kwa hiyo ukubwa wa mdomo peke yake si kipimo!

Nimekirudisha Jumatatu. Jibu: "Kimeshafungwa kwenye gari, hakirudi." Nikamweleza habari ya hewa, akaniambia nikitoboe kwa msumari. Mafundi wawili nao wameniambia hivyohivyo. Ukitoboa hovyo, kwenye kona petroli inaruka nje, na mvua ikinyesha maji yanashuka tangini. Tangi lenyewe nimetoka kulilipia kuziba kutu! Sitoboi.

Wauza spea wa Gerezani, Dar, nimewapigia simu, wananitumia picha za vifuniko vya Land Cruiser. Uingereza vipuri vya Series III vinatengenezwa mpaka leo, basi haiwezekani pasiwe na mtu hata mmoja kati ya Tanga na Mombasa mwenye kimoja.

Ninachotaka: cha chuma, kina masikio mawili ya kushikia kwa ndani, kina njia ya hewa, raba yake hata ikiwa imekufa nitakata nyingine. Cha mtumba sawa, kilichochunika rangi sawa. Kama una skrepa ya Series III uani, Korogwe, Lushoto, Pangani, popote, niandikie inbox nije na gari tukijaribu hapohapo kabla sijatoa hela. Picha ya mdomo wa tangi naiweka jioni.