Kutoa na kurudisha IC (chipu) za juu ya bodi nyumbani: bloa (mashine ya hewa ya moto), pasi ya kulehemu peke yake au lehemu ya joto la chini?

Fundi_Bodi
Wakuu, tulinganishe njia. Kazi zilizopo mezani ni mbili: memori W25Q64 ya miguu 8 kwenye bodi ya TV, na chipu ya udhibiti STM32F103 ya miguu 48, nafasi ya 0.5 mm toka mguu hadi mguu. Pasi ya wati 60 inayorekebishika joto ipo. Bloa ya 858D bado. Ni lazima kununua?

Waya_Mwekundu
Kwa miguu 8, hapana. Paka flaksi ya jeli (dawa ya kusaidia lehemu ishike), mwaga lehemu ya 63/37 (bati 63%, risasi 37%) mpaka miguu minne ya upande mmoja izame kwenye tone moja refu, kisha fanya hivyo upande wa pili. Ncha ya patasi, 350°C, hama upande hadi upande kila sekunde mbili tatu. IC ikianza kuteleza isukume pembeni kwa kibano. Usiinyanyue, maana mguu mmoja ukiwa bado umeshika unang'oka na pedi yake (kipande cha shaba cha bodi ulichochomelewa).

Lehemu ya kiwandani isiyo na risasi huyeyuka karibu na 217°C, ya 63/37 ni 183°C. Ukizichanganya, kazi inakuwa nyepesi. Anayeruka hatua hii huishia kupandisha pasi hadi 450°C na kubandua pedi.

Mama_Saketi
Kwa ya miguu 48 nunua bloa. Joto 360 hadi 380°C, hewa ya wastani, mdomo wa mm 8, umbali wa sm 1 hadi 2, na mkono uzunguke muda wote juu ya miguu, usikae katikati ya IC. Kabla ya hapo pasha bodi yote kwa mbali kama dakika moja. Bodi yenye shaba nyingi ndani hunywa joto, na ndiyo sababu watu husema "bloa haina nguvu". Namba ya kwenye kioo cha bloa ni joto la ndani ya mpini, si la bodi.

Funika soketi za plastiki kwa tepu ya kapton (inayostahimili joto). Kapasita za mkebe zilizo karibu zikinge au zitoe kabisa. Hewa ikizidi, vipinga vidogo vya jirani vinapeperuka, na kutafuta cha ukubwa wa 0402 (kidogo sana) sakafuni ni adhabu.

Kibano
Asiye na bloa atumie lehemu ya bismuthi, ndiyo ile ya joto la chini. Inabaki maji muda mrefu, kwa hiyo pande zote nne za IC zinaachia kwa pasi moja tu. Ila ni ghali, na mabaki yake ni hatari: bismuthi ikichanganyika na bati na risasi, inaweza kutokea aloi inayoyeyuka karibu na 96°C. Kiungo cha hivyo kando ya regyuleta (kirekebisha volti) yenye moto hakidumu. Nyonya kwa utambi wa shaba, weka lehemu mpya, nyonya tena, ndipo ufunge IC.

Waya_Mwekundu
Kama IC imekufa, kata miguu kwa wembe na uokoe hiyo pesa.

Mama_Saketi
Hapo sikubaliani nawe, mkuu. Kwenye nafasi ya 0.5 mm wembe ukikandamizwa unakata njia za shaba au kung'oa pedi. Kwa miguu 8 sawa, tena kwa mkasi mwembamba, mguu mmoja mmoja.

Kibano
Kabla ya yote, Fundi_Bodi: W25Q64 mpya huja tupu. Soma data ya zamani kwa programa (kifaa cha kusoma na kuandika memori) kwanza, la sivyo TV haitawaka hata ukichomelea vizuri namna gani. Angalia herufi za mwisho za jina lake pia: FV ni ya volti 3.3, FW ni ya 1.8. Na upana: SS ni mwili wa takriban mm 5.3, SN ni mm 3.9, haikai kwenye pedi zilezile. STM32 nayo ni hivyohivyo. Ikiwa imefungwa isisomwe na huna faili la programu yake, kuibadilisha hakuna faida.

Fundi_Bodi
Faili la STM32 lipo. Kurudisha je?

Mama_Saketi
Safisha pedi kwa utambi na isopropili ya 99%. Linganisha nukta ya mguu wa 1, shikiza kwa lehemu pembe mbili zinazokabiliana, hakiki kwa lenzi pande zote nne, kisha flaksi nyingi na uburute ncha yenye lehemu kidogo. Miguu iliyoungana itenganishe kwa utambi wenye flaksi.

Kabla ya kuwasha pima kwa multimeta miguu ya 23 na 24, 35 na 36, 47 na 48. Kila jozi ni GND (hasi) na VDD (chanya) zikiwa jirani, kwa hiyo daraja dogo hapo ni shoti kamili ya umeme wa 3.3V. Kwenye W25Q64 pima mguu wa 4 na wa 8.

Waya_Mwekundu
Pasi basi kwa TV, bloa kwa STM32. Zile IC zisizo na miguu, zenye pedi ya GND tumboni, usizijaribu kwa pasi. Hata kwa bloa, ukiweka lehemu nyingi tumboni IC inaelea na pedi za pembeni hazigusi.