Babu analala barazani Msamvu, nianzie wapi kumpeleka Fungafunga?

Mama Chapati: Wakuu, mimi ni mama lishe hapa Msamvu, Morogoro. Tangu kabla ya masika kuna babu analala kwenye baraza la duka ninapopanga meza zangu. Nikifika saa kumi na moja alfajiri kuwasha mkaa namkuta keshakunja maboksi yake, keshafagia. Nampa chai na chapati, lakini hagusi mpaka anichotee ndoo ya maji. Nimemkataza, mgongo wenyewe umepinda, hasikii.

Kwao Kasulu. Alikuja 1968 kukata mkonge upande wa Kilosa, akapewa chumba kambini, akaoa humo humo. Mkonge ulipokosa bei shamba likafa, wao wakabaki kambini miaka na miaka. Mke akafariki, kisha akaja mwenye shamba mpya, wakatolewa. Hawakujaliwa mtoto. NIDA hana. Ana kadi ya kazi kwenye mfuko wa nailoni, mwenyewe anaiita kipande, wino umeshafutika nusu.

Nasikia Fungafunga wanatunza wazee. Nianzie wapi? Mwenye duka akirudi safari hataki kumkuta.

Mstaafu Ustawi: Mwanangu, usimpeleke getini, mtarudi naye. Yale ni makazi ya serikali, na njia yake inaanzia mtaani. Mwenyekiti wa mtaa akuandikie barua, ipite kwa mtendaji wa kata, ndipo uende kwa afisa ustawi wa jamii manispaa. Atamhoji babu na kutafuta ndugu kwanza. Usimfundishe kusema hana mtu kama wapo. Nimeona faili likikwama kwa uongo mdogo hivyo. Kipande nenda nacho. Mzee kisera ni kuanzia miaka 60, na mtu aliyeanza kazi 1968 hana haja ya kubishaniwa.

kijana_kihonda: Wengine hao walitelekeza familia ujanani. Chunguza.

Mama Chapati: Hata kama. Juzi mvua imemlowesha mpaka maboksi.

Bint Unguja: Huku kwetu ukifika 70 kuna pensheni jamii tangu 2016, ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Nyumba haijengi. Ila bibi yangu alikuwa akihamishwahamishwa kama mkeka, leo kwa mjomba, kesho kwa shangazi. Alipoanza kununua sukari yake mwenyewe, akaachwa akae.

Mama Chapati: Barua ya mwenyekiti nimepata leo, asante mzee wangu. Sasa shida ni babu mwenyewe. Nilipomtajia Fungafunga alinyamaza mpaka chai ikapoa, halafu akaniuliza: akifia kule, nani atapeleka habari Kasulu? Ana mdogo wake wa kike, hajamwona tangu aondoke, hajui kama yu hai. Nilikosa la kumjibu. Mstaafu, huyo dada aandikwe kwenye fomu, au ndiyo atamharibia?